Ndiyo, Hapana na Haijulikani: Neno "Au" katika Hazina za Taarifa za Kompyuta

Katika bohari ya chama cha ushirika mna mapipa 12. Daftari linaonyesha kwamba pipa la 1 hadi la 6 yana mafuta ya taa, na pipa la 8 hadi la 12 yana dawa ya kuua wadudu wa pamba. Pipa la 7 lilinyeshewa mvua njiani, karatasi yake ikabanduka, na kwa kuwa mapipa yote yamepakwa rangi moja, hakuna awezaye kulitambua kwa macho. Hata hivyo mtunza bohari hakukosa kabisa habari za pipa hilo. Shehena iliyoletwa siku ile ilikuwa na bidhaa mbili tu. Kwa hiyo ana hakika kwamba pipa la 7 lina mafuta ya taa au dawa ya pamba, wala halina kitu cha tatu. Shida yake ni kwamba daftari lina safu moja tu ya kilichomo, na safu hiyo yataka jina moja.

Bohari hii ni ya kubuni, lakini shida yake ni ya kweli, nayo imewashughulisha wataalamu wa kompyuta na wa mantiki kwa zaidi ya miaka 40. Mganga anayeandika kwamba mgonjwa ana ugonjwa huu au ule, karani wa sensa anayepewa umri wa kukadiria, mpelelezi aliyebakiwa na washukiwa wawili, wote wana ujuzi wa namna moja na ule wa mtunza bohari. Wanajua jambo, ila hawalijui lote. Swali ni hili: je, ujuzi wa nusu waweza kuhifadhiwa katika kompyuta na kutumiwa bila kupotea na bila kugeuzwa kuwa uongo?

Majedwali na sentensi zilizojificha

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtaalamu aliyezaliwa Uingereza na kufanya kazi katika maabara ya kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyobadili kabisa namna ya kuhifadhi taarifa katika kompyuta. Alishauri kwamba taarifa zote ziwekwe katika majedwali ya mistari na safu, na kwamba mtumiaji aulize maswali yake kwa lugha ya mantiki bila kujishughulisha na jinsi mashine inavyozipanga ndani. Ushauri huo ndio msingi wa hifadhidata nyingi zinazotumika hadi leo katika benki, hospitali na idara za serikali.

Katika mpango wa Codd kila mstari wa jedwali ni sentensi inayodai kuwa ni kweli. Mstari wenye namba 3 na maneno "mafuta ya taa" unasema kwamba pipa la 3 lina mafuta ya taa. Aidha, kati ya mstari mmoja na mwingine limejificha neno "na": pipa la 1 lina mafuta, na pipa la 2 lina mafuta, na kuendelea hadi mwisho. Ndiyo maana mtunza bohari hawezi kuliandikia pipa la 7 mistari miwili, mmoja wa mafuta na mwingine wa dawa. Akifanya hivyo jedwali litasema kwamba pipa lina mafuta na dawa kwa pamoja, jambo ambalo si kweli na ambalo yeye hakukusudia kulisema. Jedwali la kawaida lina nafasi ya neno "na", lakini halina nafasi ya neno "au".

Nafasi tupu

Codd mwenyewe alitambua kwamba si kila kitu hujulikana wakati wa kuandika. Katika makala yake ya mwaka 1979 alieleza matumizi ya alama maalumu ya nafasi tupu, pamoja na mantiki yenye thamani tatu badala ya mbili. Mantiki za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuchunguzwa na wanafalsafa. Jan Łukasiewicz wa Poland aliandika juu ya thamani ya tatu mwaka 1920. Katika mpango huu swali laweza kujibiwa ndiyo, hapana, au haijulikani.

Nafasi tupu ni bora kuliko kubahatisha, kwa kuwa angalau haisemi uongo. Lakini inapoteza mengi. Mtunza bohari akiacha wazi nafasi ya pipa la 7, kisha akaiuliza mashine, "Je, pipa la 7 lina mafuta ya taa?" atajibiwa kwamba haijulikani, na jibu hilo ni sahihi. Akiuliza, "Je, lina dawa ya pamba?" atajibiwa vilevile. Akiuliza, "Je, lina mafuta au dawa?" mashine itachukua majibu yale mawili, itayaunganisha kwa kanuni za thamani tatu, na kusema tena kwamba haijulikani. Hapa mashine imekosea, maana hilo ndilo jambo pekee ambalo mtunza bohari alikuwa na hakika nalo.

Kasoro hii yaonekana hata katika lugha ya SQL, ambayo ilipewa kipimo rasmi huko Marekani mwaka 1986 na ambayo hutumika dunia nzima. Mtu akiomba orodha ya mapipa yenye mafuta ya taa atapata mapipa 6. Akiomba orodha ya mapipa ambayo kilichomo si mafuta ya taa atapata 5. Jumla ni 11. Pipa la 7 halimo katika orodha ya kwanza wala ya pili, ingawa kila mtu ajua kwamba pipa lolote ama lina mafuta ya taa ama halina. Mkaguzi asiyeifahamu tabia hii aweza kudhani kwamba pipa moja limeibwa.

Ulimwengu uliofungwa

Wakati Codd na wenzake walipokuwa wakiendeleza majedwali, kundi jingine la wataalamu lilikuwa likitumia mantiki yenyewe kama lugha ya kuamuru kompyuta. Mwaka 1972 Alain Colmerauer na wenzake wa Marseille, Ufaransa, walitengeneza lugha ya Prolog, wakisaidiwa na mawazo ya Robert Kowalski wa Edinburgh. Katika lugha hiyo mtu huandika mambo ya hakika pamoja na kanuni, na mashine hutafuta majibu kwa kuthibitisha. Mnamo Novemba 1977 Hervé Gallaire, Jack Minker na Jean-Marie Nicolas waliwakusanya watafiti mjini Toulouse ili kuzungumzia uhusiano wa mantiki na hifadhidata. Mazungumzo hayo yalitolewa kitabu mwaka 1978, na makala mbili zilizomo zilipata umaarufu mkubwa.

Ya kwanza iliandikwa na Raymond Reiter wa Kanada. Reiter alieleza kwa ufasaha jambo ambalo watu hulifanya kila siku bila kulifikiri. Msafiri akiitazama ratiba ya mabasi ukutani, na asione basi la saa tisa usiku, huamua kwamba saa hiyo hakuna basi. Ratiba haikuandika kwamba hakuna basi la saa tisa, wala la saa tisa na dakika moja, wala la saa tisa na dakika mbili. Imeandika mabasi yaliyopo, na ukimya wake juu ya mengine huchukuliwa kuwa ni jibu la hapana. Reiter aliita kanuni hii dhana ya ulimwengu uliofungwa: lisiloweza kuthibitishwa kutokana na yaliyoandikwa lihesabiwe kuwa si kweli.

Faida ya kanuni hii ni kubwa. Chuo chenye wanafunzi 10,000 na masomo 500 kina jozi 5,000,000 za mwanafunzi na somo. Ikiwa kila mwanafunzi anasoma masomo 5, mambo ya kweli ya kuandikwa ni 50,000 tu. Yale 4,950,000 yaliyobaki, kwamba fulani hasomi somo fulani, hayana haja ya kuandikwa hata moja.

Makala ya pili iliandikwa na Keith Clark, nayo ilionyesha namna mashine inavyoweza kutekeleza wazo la jinsi hiyo. Mashine hujaribu kulithibitisha jambo kwa kila njia iliyo nayo. Njia zote zikiisha bila mafanikio, hujibu hapana. Kushindwa kuthibitisha kunageuka kuwa ukanusho.

Neno dogo linaloivunja kanuni

Maadamu hifadhidata ina mambo ya hakika na kanuni zenye hitimisho moja moja, kanuni ya ulimwengu uliofungwa haileti matata, na Reiter alilithibitisha hilo katika makala ileile. Lakini alionyesha pia kwamba neno "au" laweza kuiangusha.

Sasa na irudiwe bohari. Mtunza bohari amepewa mashine inayokubali sentensi za mantiki, naye anaiandikia: "Pipa la 7 lina mafuta ya taa au dawa ya pamba." Kisha msaidizi anauliza kama pipa la 7 lina dawa. Mashine inapekua na kuona kwamba haiwezi kulithibitisha hilo, kwa kuwa sentensi iliyopo haisemi kwamba ni dawa, kwa kufuata kanuni inajibu, "Hapana." Msaidizi anauliza kama lina mafuta. Mashine inapekua tena, haioni uthibitisho, inajibu, "Hapana." Sasa mashine inaamini mambo matatu kwa wakati mmoja: pipa lina kimojawapo cha vitu viwili, halina cha kwanza, na halina cha pili. Huo ni ukinzani, na katika mantiki ya kawaida penye ukinzani chochote chaweza kuthibitishwa, hata kwamba mapipa yote 12 yana maziwa.

Hatari yenyewe haimo katika vitabu vya mantiki tu. Jibu la kwanza, kwamba pipa la 7 halina dawa, lilitolewa kwa sauti ileile ya uhakika ambayo kwayo mashine ingejibu juu ya pipa la 3. Msaidizi hana njia ya kutambua kwamba hapana ya pipa la 3 ilitokana na ujuzi, na hapana ya pipa la 7 ilitokana na kutojua. Aliyeuliza swali hilo huenda alikuwa na taa au jiko la kujaza.

Hali zisizo na ziada

Jack Minker, profesa wa Chuo Kikuu cha Maryland huko Marekani na mmoja wa waandaaji wa mkutano wa Toulouse, alitoa dawa ya ugonjwa huu mwaka 1982. Alishauri kwamba mashine isitazame sentensi peke yake, bali itazame hali zote ambazo sentensi hizo zinaziruhusu.

Kwa habari ya pipa la 7 hali zinazoruhusiwa ni tatu. Katika hali ya kwanza lina mafuta tu. Katika ya pili lina dawa tu. Katika ya tatu lina vyote viwili, kwa kuwa sentensi yenye "au" haikukataza hilo. Lakini hali ya tatu ina ziada: chaweza kuondolewa kitu kimoja na sentensi ikabaki kuwa kweli. Hali mbili za kwanza hazina ziada, maana ukiondoa kilichomo sentensi inakuwa uongo. Kanuni ya Minker ni kwamba jambo likanushwe ikiwa tu halimo katika hali yoyote isiyo na ziada.

Kwa kanuni hiyo majibu yanakuwa ya busara. Pipa la 3 lina dawa? Hapana, kwa kuwa katika hali zote mbili zisizo na ziada halina. Pipa la 7 lina dawa? Limo katika hali moja na halimo katika nyingine. Mashine haikubali wala haikanushi. Pipa la 7 lina mafuta au dawa? Ndiyo, kwa kuwa ni kweli katika hali zote. Pipa la 7 lina maziwa? Hapana, kwa kuwa hakuna hali yenye maziwa. Kutojua kumewekewa mpaka wake, na nje ya mpaka huo mashine inaendelea kujibu kwa uhakika.

Faida kubwa zaidi yaonekana pale panapokuwa na kanuni. Chukuliwe kwamba chama kina amri mbili: pipa lililokuwa na mafuta ya taa lisitiwe maji ya kunywa, na pipa lililokuwa na dawa ya wadudu lisitiwe maji ya kunywa. Mwanakijiji anakuja kuliomba pipa la 7, litakapokuwa limekwisha kilichomo, ili ahifadhie maji. Mtunza bohari hajui kilichomo, wala hana haja ya kujua. Ikiwa ni mafuta, amri ya kwanza inakataza; ikiwa ni dawa, amri ya pili inakataza; hakuna njia ya tatu. Jibu ni la hakika kabisa, na limepatikana kutokana na ujuzi wa nusu. Daftari lenye nafasi tupu lisingeweza kulitoa.

Wakati huohuo wapo waliotafuta njia ya kuyatengeneza majedwali yenyewe. Mwaka 1984 Tomasz Imieliński na Witold Lipski, wote wa Poland, walionyesha kwamba jedwali laweza kuongezewa safu ya masharti pembeni, ili kila mstari uhesabiwe tu pale sharti lake linapotimia. Jedwali moja la namna hiyo linabeba ndani yake majedwali mengi yanayowezekana, na maswali ya kawaida ya Codd yanaweza kuulizwa juu yake bila kupotosha maana.

"Au" ya chai na "au" ya zahanati

Kanuni ya Minker ilizaa swali jingine, ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hatashindwa kulielewa. Mwenyeji akimwuliza mgeni, "Chai au kahawa?" anatazamia mgeni achague kimoja. Lakini tangazo likisema, "Mwenye homa au kikohozi aende zahanati," mwenye homa na kikohozi hatarudishwa mlangoni. Neno ni lilelile, maana ni mbili. Kiswahili kina njia ya kusisitiza ile ya kwanza kwa kurudia "ama ... ama", lakini katika maandishi ya kila siku "au" hutumika kwa zote mbili.

Kuzipendelea hali zisizo na ziada huvuta upande wa chai. Mwaka 1985 Adnan Yahya na Lawrence Henschen waliipanua kanuni ya Minker hata ikaweza kukanusha waziwazi kwamba mambo mawili yametokea pamoja, ikiwa hakuna hali isiyo na ziada iliyo nayo yote mawili. Kwa pipa, hilo lafaa. Kwa mgonjwa, laweza kudhuru, maana anayeshukiwa kuwa na malaria au homa ya matumbo aweza kuwa na zote mbili, na mashine inayoikana hali hiyo mapema itamfanya mganga atibu moja na kuiacha nyingine. Kwa sababu hiyo watafiti wengine, akiwamo Chiaki Sakama wa Japani mwaka 1989, walitunga kanuni zinazoiacha hali ya vyote viwili ibaki katika hesabu. Hapana kanuni moja inayofaa kila mahali. Mwenye hifadhidata hana budi kueleza kwanza ni "au" ipi anayoikusudia.

Hapana mbili

Michael Gelfond na Vladimir Lifschitz walipiga hatua nyingine katika makala yao ya mwaka 1991 kwa kutenganisha namna mbili za kukanusha ndani ya programu moja. Namna ya kwanza ni kusema kwamba jambo halikuthibitika. Ya pili ni kusema kwamba imethibitika kuwa jambo silo.

Mfano wao ulioenea sana, ambao unahusishwa na John McCarthy, ni wa basi linalofika penye makutano ya barabara na reli. Kanuni yaweza kuandikwa hivi: "Vuka, ikiwa haikuthibitika kwamba treni inakuja." Dereva ambaye ukungu umemzuia kuona kitu atavuka kwa kuitii kanuni hiyo, kwa kuwa hana uthibitisho wowote wa treni. Kanuni nyingine ni hii: "Vuka, ikiwa imethibitika kwamba treni haiji." Dereva huyohuyo, katika ukungu uleule, atasimama. Tofauti ya maneno ni ndogo, na tofauti ya matokeo ni uhai wa abiria.

Kwa bohari, funzo ni lilelile. Amri isemayo kwamba pipa lifunguliwe kwa ajili ya kujaza taa ikiwa haikuthibitika kuwa lina sumu ni amri mbaya. Yafaa isemwe kwamba lifunguliwe ikiwa imethibitika kuwa halina. Palipo na hatari, mzigo wa kuthibitisha uwekwe upande wa usalama. Palipo na ratiba ya mabasi tu, ukimya waweza kutosha.

Gharama ya kutojua

Faida hizi hazipatikani bure. Pipa moja lisilo na karatasi huleta hali mbili. Mapipa mawili huleta 4, matatu 8. Mapipa 10 huleta hali 1,024. Mapipa 20 huleta 1,048,576. Na mapipa 30 huleta 1,073,741,824. Kila neno "au" jipya laweza kuziongeza hali maradufu, na kompyuta inayojaribu kuzitazama moja baada ya nyingine italemewa hata ikiwa na kasi kubwa.

Mwaka 1995 Thomas Eiter na Georg Gottlob wa Vienna, Austria, waliupima uzito wa kazi hii kwa vipimo vya nadharia ya hesabu. Walithibitisha kwamba kwa ujumla ni mzito kuliko ule wa matatizo mengi yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa magumu. Sababu yaeleweka. Mashine haina budi kutafuta hali inayotimiza sentensi zote, kisha, kwa kila hali iliyoipata, ithibitishe kwamba haina ziada, yaani kwamba hakuna nyingine ndogo zaidi iliyofichama ndani yake. Ni utafutaji ndani ya utafutaji.

Hata hivyo kazi iliendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Vienna na wa Chuo Kikuu cha Calabria, Italia, walitengeneza programu iitwayo DLV, inayopokea kanuni zenye "au" katika hitimisho na kuzitafuta hali zisizo na ziada kwa mbinu za kukata njia zisizofaa mapema. Ilionekana kwamba taarifa nyingi za kweli hazifikii ule ugumu wa kutisha wa nadharia, kwa kuwa "au" za pipa moja mara nyingi hazihusiani na "au" za pipa jingine, na zaweza kushughulikiwa moja moja.

Karatasi za sensa

Mahali pamoja ambapo mbinu hizi zilijaribiwa ni katika kusahihisha karatasi za sensa. Kila sensa huwa na makosa ya kuandika, na baadhi yake hujitambulisha yenyewe kwa kupingana. Mwaka 1976 Ivan Fellegi na David Holt walitoa kanuni ambayo idara za takwimu zimeifuata sana: karatasi yenye ukinzani isahihishwe kwa kubadili nafasi chache iwezekanavyo. Mwaka 2001 Enrico Franconi, Nicola Leone na wenzao walionyesha jinsi kazi hiyo inavyoweza kuandikwa kwa kanuni za mantiki zenye "au".

Chukuliwe karatasi isemayo kwamba mtu ana umri wa miaka 6, ana mke, na katika kaya yeye ni mume wa mkuu wa kaya. Mantiki yasema kwamba ama umri umekosewa, ama hali ya ndoa na uhusiano wake na mkuu wa kaya vimekosewa. Njia ya kwanza inabadili nafasi moja, ya pili inabadili mbili. Kwa kanuni ya mabadiliko machache, umri ndio unaoshukiwa. Lakini karatasi nyingine yaweza kusema kwamba mtu ana miaka 6, ana mke, naye ni mtoto wa mkuu wa kaya. Hapa kubadili umri peke yake kunatosha, na kubadili hali ya ndoa peke yake kunatosha pia. Njia mbili zinalingana, na mashine iliyo mwaminifu haichagui kwa siri. Inaziweka zote mbili mbele ya mtaalamu, naye ataamua kwa ushahidi mwingine.

Afrika Mashariki ina uzoefu wake wa jambo hili. Makarani wa sensa wamezoea kukutana na wazee wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa, na desturi ni kuwauliza matukio makubwa yaliyokuwapo. Tuseme katika sensa ya Tanzania ya mwaka 1967 mzee alijibu kwamba alizaliwa wakati wa vita vya Majimaji. Vita hivyo vilidumu toka 1905 hadi 1907. Basi alizaliwa 1905 au 1906 au 1907. Karani akiandika 1906 kwa kukata katikati, amebuni. Akiacha wazi, amemnyang'anya mzee habari aliyoitoa. Akiandika miaka yote mitatu kwa "au", swali kama mzee amepita miaka 55 linajibiwa ndiyo bila wasiwasi, kwa kuwa ni kweli katika hali zote tatu.

Ujuzi wa nusu usitupwe

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima hangoji tone la kwanza ndipo atayarishe shamba. Huutumia ujuzi wa nusu, akijua kwamba ni wa nusu. Watafiti waliotajwa hapa wamejitahidi kuifundisha kompyuta busara hiyohiyo, na wameonyesha kwamba yawezekana, ijapokuwa kwa gharama.

Kwa mwenye kutunza daftari, liwe la kompyuta au la karatasi, mafunzo ni machache na yaeleweka. Kwanza, ijulikane wazi ni orodha zipi zilizokamilika, ambazo ukimya wake ni hapana, na zipi zisizokamilika, ambazo ukimya wake si jibu. Orodha ya wagonjwa wanaodhuriwa na dawa fulani haiwezi kusomwa kama ratiba ya mabasi. Pili, fomu ziwe na nafasi ya kuandika mambo mawili au matatu yanayowezekana, kwa kuwa safu inayodai jina moja humlazimisha karani ama kubuni ama kunyamaza. Tatu, jibu la hapana lisitolewe kwa sauti moja na jibu la sijui.

Mtunza bohari aliyetajwa mwanzoni anaweza kuanza leo bila kungoja mashine. Akate karatasi, aandike "mafuta ya taa au dawa ya pamba", aibandike juu ya pipa la 7, na alitenge pembeni mpaka litakapopimwa.